Prolog, Ngeli na Kiswahili cha Ludara: Historia ya Mashine Inayojibu Hapana

Walimu wengi wa lugha wakisikia neno kompyuta hufikiria kuchapa mitihani, kutunza alama za wanafunzi na, siku hizi, kutafuta mambo kwenye intaneti. Ni wachache wanaofahamu kwamba miongoni mwa lugha za kuandikia programu imo moja ambayo haikuzaliwa kwa wahasibu wala kwa wahandisi, bali kwa watu waliokuwa wakihangaika na sentensi. Lugha hiyo inaitwa Prolog. Katika makala haya tunakusudia kueleza ilikotoka, jinsi inavyowashwa na kutayarishwa kwa amri za kuandika, na kwa nini tunaona inamhusu mwalimu anayesahihisha insha za vijana wa Ludara na Koboko kuliko anavyodhani.

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa Alain Colmerauer alikuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, katika mradi wa kutafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa kwa mashine. Huko alibuni utaratibu wa kuandika kanuni za sarufi ambao baadaye ulitumika katika mfumo wa kutafsiri taarifa za hali ya hewa nchini Kanada, kuanzia mwaka 1977. Aliporudi Ufaransa na kuanza kufundisha Marseille, alitaka jambo kubwa zaidi: mtu aiambie mashine habari kwa Kifaransa cha kawaida, kisha aiulize maswali kwa Kifaransa hicho hicho, nayo ijibu kwa kufikiri juu ya yale iliyoambiwa. Kwa upande wa kufikiri alihitaji mwanamantiki, akampata Robert Kowalski wa Edinburgh, aliyemtembelea Marseille mwaka 1971 na tena 1972. Kwa upande wa kuandika programu yenyewe alikuwapo Philippe Roussel. Jina Prolog, linalofupisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki, lilichaguliwa na Roussel kwa pendekezo la mkewe.

Jambo la kutilia mkazo hapa ni hili: mantiki iliingia kwa sababu ya sarufi, wala si kinyume chake. Mwaka 1980 Fernando Pereira na David Warren walichapisha maelezo ya namna ya kuandika sarufi ndani ya Prolog kwa kutumia mshale mdogo, na mtu aliyesoma sarufi miundo virai hahitaji kufafanuliwa sana mshale huo una maana gani. Warren na wenzake walikuwa wameshatoa, mwaka 1977 huko Edinburgh, toleo la Prolog lililofanya kazi kwa kasi ya kuridhisha, na desturi nyingi tunazozitumia leo kwenye dirisha la amri zilitoka kwenye toleo hilo. Japani nayo iliichukua njia hii ya mantiki kama msingi wa mradi wake mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano, ulioanza 1982. Mradi huo haukufikia matarajio yote yaliyotangazwa, nasi hatutauzungumzia zaidi.

Prolog tunayoipendekeza kwa wanafunzi wetu ni SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker aliianza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure, inakaa katika kompyuta kuukuu bila malalamiko, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Sifa hiyo ya mwisho si ndogo kwa mtu wa West Nile. Mtambo wa Nyagak wa megawati 3.5 ulianza kutoa umeme mwaka 2012, na hata baada ya hapo wengi wetu tumezoea kufanya kazi kwa saa chache za betri, bila mtandao, na faili zikiwa kwenye flashi.

Sasa tuiwashe. Katika mashine ya Linux au Windows, fungua dirisha la amri, andika

swipl

kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Yatatokea maneno machache ya kukaribisha, halafu alama hii:

?-

Alama hiyo ina maana kwamba mashine inasubiri swali. Haisubiri amri, na tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika lugha nyingine za programu tunaiagiza mashine ifanye hili, halafu lile. Hapa tunaieleza mambo yalivyo, kisha tunaiuliza. Watumiaji wa matoleo ya zamani ya Linux watakumbuka kwamba programu hii iliitwa kwa herufi mbili tu, pl. Asiyetaka maneno ya ukaribisho huandika swipl -q, na anayetaka kutoka huandika halt. akimalizia na nukta.

Nukta hiyo ndiyo huwatesa wanafunzi. Kila taarifa na kila swali katika Prolog ni sharti limalizwe kwa nukta. Ukiisahau, mashine hukuonyesha mstari wima na kungoja, nawe ukadhani imekwama kumbe inasubiri umalize sentensi yako. Sisi tuliozoea kuandika kwa kalamu nyekundu "nukta iko wapi?" tunaweza kufarijika kwamba yupo mkali kutuzidi. Hata hivyo, herufi kubwa zinakwenda kinyume na tunavyofundisha. Neno linaloanza kwa herufi kubwa huhesabiwa kuwa nafasi tupu inayosubiri kujazwa, kwa hiyo Ludara bila alama za nukuu si mahali bali ni swali. Andika ludara, au 'Ludara'.

Papo hapo linatokea tatizo la ritifaa, ambalo waliobuni Prolog pale Marseille hawakuwa na sababu ya kuliwaza. Neno ng'ombe likiandikwa lilivyo, mashine huiona ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu na kuanza kusubiri ya kufungia. Dawa yake ni kuiandika mara mbili ndani ya nukuu: 'ng''ombe'. Kwa Kilugbara hali ni ngumu zaidi kwa kuwa ritifaa hutokea mwanzoni kabisa mwa maneno, kama katika 'ba. Anayetaka kushughulikia Kiswahili na lugha za majirani kwa pamoja alijue hili mapema, asije akapoteza usiku mzima akitafuta kosa lisiloonekana.

Tuandike sasa sarufi ndogo. Katika faili tuliloliita ngeli.pl tuliweka yafuatayo:

kirai(Ng) --> nomino(Ng), kimilikishi(Ng).
nomino(ki) --> [kitabu].
nomino(i) --> [nyumba].
nomino(a) --> [mtoto].
kimilikishi(ki) --> [changu].
kimilikishi(i) --> [yangu].
kimilikishi(a) --> [wangu].

Mstari wa kwanza unasema kwamba kirai nomino huundwa na nomino na kimilikishi, na kwamba Ng ya huku na Ng ya kule ni moja. Hapo ndipo penye uzuri wote. Upatanisho wa kisarufi ambao katika vitabu hujaza majedwali umeelezwa kwa kulirudia jina moja mara mbili. Tumetumia viambishi vya upatanisho badala ya namba 1 hadi 18, si kwa kuwa tumeumaliza ule mjadala wa ngeli za kimofolojia na za kisintaksia, ila kwa kuwa ndivyo wanafunzi wetu walivyofundishwa shuleni.

Faili hilo husomwa kwa kuandika swipl ngeli.pl kwenye dirisha la amri, au kwa kuandika [ngeli]. baada ya mashine kuwaka. Ukilirekebisha, andika make. nalo litasomwa upya bila kuzima chochote. Kisha uliza:

?- phrase(kirai(Ng), [kitabu, changu]).

Jibu ni Ng = ki. Ukiuliza [kitabu, yangu], jibu ni false. Katika matoleo ya zamani ya SWI-Prolog lilikuwa No. Neno hilo moja ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Ludara ni gombolola katika wilaya ya Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, karibu na pembe ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Wenyeji wake ni Wakakwa. Kikakwa ni lugha ya Kiniloti, na Kilugbara cha majirani wa kusini ni cha tawi la Sudani ya Kati. Hakuna kati ya hizo yenye mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu. Kiswahili kilifika huku bila kupitia darasani. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likaingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao makao ya wilaya yaliwekwa Arua. Vijana wake wengi waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, na pembeni kilikuwapo Kinubi cha wazawa wa askari wa Emin Pasha. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na waliorejea katika miaka ya 1980 wengi walirudi na Kiswahili cha Kongo vinywani. Ongeza biashara ya mpakani isiyolala, nawe utaelewa kwa nini katika soko la Koboko mtu husema "kitabu yangu" na hakuna anayegeuka kumtazama.

Kiswahili hicho tunakijua, na wengi wetu tunakisema tukiwa nje ya lango la chuo. Kimilikishi chake huelekea kusimama katika umbo moja, yangu, bila kujali nomino iliyotangulia. Upande wa Kongo utasikia pia udogo ukionyeshwa kwa ka- na tu-, katoto na tutoto, mahali ambapo Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi-. Mtindo huu umeenea bara kote, nao una wasemaji wengi mno kuweza kuitwa ulimi uliojikwaa.

Hebu turudi kwenye ile false. Mwaka 1978 Keith Clark aliandika juu ya kile ambacho mashine ya mantiki hufanya inapokanusha. Alionyesha kwamba Prolog haina njia ya kujua kuwa jambo si kweli. Inachofanya ni kujaribu kulithibitisha kwa taarifa na kanuni ilizopewa, na ikishindwa, husema hapana. Kukanusha kwake ni kushindwa kuthibitisha. Kwa hiyo tunapoambiwa false kuhusu "kitabu yangu", maana yake ni kwamba katika mistari 7 tuliyoiandika sisi wenyewe hakuna njia ya kukifikia kirai hicho. Juu ya Ludara mashine haijasema neno lolote.

Tukitazama vizuri, tutaona kuwa kalamu yetu nyekundu nayo hufanya kazi vivyo hivyo. Msahihishaji ana faili lake kichwani. Faili hilo lilianza kuandikwa wakati Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya nchi nne, Uganda ikiwa mojawapo, kuundwa mwaka 1930. Anapoweka mkasi juu ya "mtoto yangu" anasema kwamba hakuikuta njia ndani ya faili hilo. Mwanafunzi husikia jambo jingine kabisa: kwamba mama yake hajui kuzungumza. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, idadi ya watoto watakaosikia hivyo inaongezeka. Hatusemi usanifu uachwe. Bila usanifu hakuna mtihani wala kamusi, na mtoto wa Ludara ana haki ya kuupata kama wa Tanga. Tunachosema ni kwamba hapana ya aina moja isivishwe nguo za hapana ya aina nyingine.

Katika Prolog tofauti hii inaweza kuwekwa kwenye matayarisho. Katika Prolog ya awali ya Edinburgh, ukitaja kanuni ambayo haipo kabisa, mashine ilishindwa kimya kimya kana kwamba umeuliza na kukataliwa. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 1995 kilifanya jambo la kawaida liwe kutoa taarifa ya kosa: sikijui unachokitaja. SWI-Prolog hufuata kiwango hicho, na anayetaka desturi ya kale huandika

:- set_prolog_flag(unknown, fail).

Sisi tunashauri asiandike. Lakini ulinzi huo ni wa majina ya kanuni tu. Neno la kawaida lisilokuwamo katika sarufi yetu, kwa mfano meza, bado litaleta false ile ile. Ili mashine iseme wazi kwamba neno haijapata kulisikia, tuliongeza:

neno(N) :- phrase(nomino(_), [N]).
neno(N) :- phrase(kimilikishi(_), [N]).
kagua(Sentensi) :-
    member(Neno, Sentensi),
    \+ neno(Neno),
    format("Silijui neno ~w~n", [Neno]).

Alama \+ ndiyo kukanusha kwa Clark. Mpangilio wa mistari hapa si wa urembo. Mstari wa member lazima utangulie, ili Neno liwe limeshapata thamani. Ukiweka \+ kwanza, mashine itakuwa inaulizwa kama hakuna neno lolote duniani, na kwa kuwa yapo, itakataa hapo hapo na kukunyima taarifa uliyoitaka.

Mambo ambayo mtu huyataka kila siku huwekwa katika faili la maandalizi, ambalo mashine hulisoma kila inapowaka. Zamani katika Linux faili hilo liliitwa .plrc, baadaye .swiplrc, katika matoleo ya sasa ni init.pl ndani ya folda ya .config/swi-prolog. Sisi tumeweka humo mistari miwili. Wa kwanza unaifanya mashine ionyeshe orodha ndefu nzima, kwa sababu kwa kawaida huikata kwa vidoti, na sentensi ya Kiswahili iliyokatwa vitenzi haina faida kwa mtu:

:- set_prolog_flag(answer_write_options, [quoted(true), portray(true), max_depth(0)]).

Wa pili unaiambia mahali zilipo sarufi zetu, ili tuandike [sarufi(ngeli)]. popote tulipo. Folda ibadilishwe kulingana na kompyuta ya msomaji:

user:file_search_path(sarufi, '/home/mwalimu/sarufi').

Ukishuku kwamba faili la maandalizi ndilo linaloleta vurugu, iwashe mashine bila hilo kwa swipl -f none. Na kama unataka ifanye kazi moja na kuzimika, tuseme una kanuni iitwayo anza ndani ya ngeli.pl, andika swipl -g anza -t halt ngeli.pl. Kwa wenye vitabu vya zamani vya Prolog tunaongeza kwamba tangu toleo la 7 maneno yaliyo ndani ya alama mbili za nukuu hayahesabiwi tena kuwa orodha ya namba za herufi. Mifano ya vitabu hivyo ikigoma, jaribu swipl --traditional.

Msomaji anaweza kuuliza kama kazi hii haikwishafanywa. Imefanywa, na kwa ustadi mkubwa, lakini kwa njia nyingine. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga mfumo wa kuchanganua Kiswahili, ambao leo unaitwa SALAMA, akiufuata utaratibu wa mofolojia wa Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi uliotolewa mwaka 1983. Mfumo huo hutambua viambishi vya kitenzi kwa wepesi ambao mistari yetu 7 haiwezi kuuota. Lakini kopasi ya Helsinki ilitegemea zaidi magazeti na vitabu, na hakuna gazeti linaloandikwa kwa Kiswahili cha soko la Koboko. Kwa hivyo sarufi ya mtindo huo haitatoka Helsinki. Inaweza kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye daftari, kompyuta ya mkono wa tatu na shangazi anayeuza samaki wa Panyimur.

Hatua ya kwanza ni kuzitaja lahaja ndani ya kanuni yenyewe. Tuliubadilisha mstari wa juu ukawa miwili:

kirai(sanifu, Ng) --> nomino(Ng), kimilikishi(Ng).
kirai(bara, Ng) --> nomino(Ng), [yangu].

Kanuni ya pili bado ni chafu. Wapo wasemaji wanaochanganya "mtoto wangu" na "mtoto yangu" katika pumzi moja, na bila kuwasikiliza kwa makini, mmoja mmoja, hatutajua ni umri, shule au aliyesimama mbele yao kunakoamua. Lakini sasa ukiuliza

?- phrase(kirai(L, Ng), [kitabu, yangu]).

jibu ni L = bara, Ng = ki. Halafu uliza kuhusu [nyumba, yangu]. Mashine itatoa L = sanifu na kusimama. Ukibonyeza nukta mkato, itatoa jibu la pili, L = bara, kwa kirai kile kile.